Krimu ya Litein Iingie Chungu cha Kuku

Kabla jua halijapanda vizuri juu ya mashamba ya chai, pikipiki zenye mitungi ya maziwa huwa zimeshateremka kutoka pande za Cheborge na Roret kuelekea mji wa Litein, Kericho. Maziwa hupimwa, hupozwa, kisha huchukuliwa na magari ya kampuni. Kiwanda cha New KCC kiko Sotik, mwendo mfupi tu ukishika barabara ya Kisii. Baadaye mafuta ya maziwa kama hayo hurudi dukani yamefungwa kwenye pakiti iliyoandikwa krimu, kwa bei inayomfanya mama aliyekamua ng'ombe alfajiri aiangalie, airudishe kwenye rafu na kuchukua kipande cha royco badala yake.

Hivyo ndivyo kuku wa krimu alivyogeuzwa chakula cha hoteli. Wakazi wa Kericho na Bomet hukutana naye kwenye bafe za semina na harusi za mjini, wakamsifu, kisha wakirudi nyumbani kuku wao huingia kwenye nyanya na vitunguu kama ilivyokuwa jana. Mchuzi wa nyanya hauna kosa lolote. Kosa ni kudhani kwamba ule mwingine unahitaji oveni ya gesi, pakiti ya krimu na mpishi mwenye kofia ndefu nyeupe, ilhali ni pishi ambalo mazingira ya Litein yanalifaa kuliko mazingira ya hoteli yenyewe: kuku mzee, maziwa mazito, moto wa kuni uani na chungu kizito cha chuma.

Karibu kila kitu kiko ndani ya boma moja. Kuku wa kienyeji anachakura kando ya michai. Ng'ombe wa maziwa, Friesian au Ayrshire au chotara, yuko nyuma ya nyumba. Viazi aina ya Shangi vinalimwa Bomet na kupanda hadi Olenguruone. Vitunguu, karoti na dhania ziko sokoni. Kinachokosekana ni chungu, na pengine ruhusa.

Ruhusa hiyo si ya mzaha. Mwaka 1909 Alfred Claud Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu chake The Nandi, na mojawapo ya mambo aliyoyaandika ni kwamba Wanandi hawakuchanganya nyama na maziwa. Aliyekunywa maziwa alilazimika kungoja kabla ya kugusa nyama, na aliyekula nyama vivyo hivyo. Wamaasai nao walijulikana kwa mwiko kama huo. Wakipsigis, ambao ndio wengi wa wakazi wa Litein, ni ndugu wa karibu wa Wanandi kwa lugha na kwa mila, kwa hiyo mtu aliyelelewa karibu na mafundisho hayo ana haki ya kukunja uso akiona paja la kuku linaelea kwenye krimu.

James Frazer, msomi wa Uingereza, aliikusanya miiko hii ya wafugaji wa Afrika Mashariki katika kitabu alichokitoa mwaka 1918 na kuiweka kando ya ile amri ya kitabu cha Kutoka inayokataza mwana-mbuzi kupikwa kwa maziwa ya mama yake. Kwa maoni yake, wafugaji waliogopa kwamba lolote linalotendewa maziwa humfikia ng'ombe aliyeyatoa, hata akiwa mbali malishoni. Palikuwa na jamii zilizohofia kuyachemsha tu. Maandishi ya Frazer yamejaa dharau za zama zake na hayafai kumezwa mazima. Lakini woga wenyewe unaeleweka bila msaada wa msomi yeyote. Ng'ombe akikauka, boma lina njaa.

Sasa, kuku je? Kuku hana chuchu. Hoja hii inaweza kuonekana kama utani wa wanaume waliokaa chini ya mti, ila iliwahi kujadiliwa kwa uzito mkubwa mbali sana na hapa. Katika Talmudi ya Wayahudi, Rabi Yose Mgalilaya alishikilia kwamba ndege hahusiki na amri ya mwana-mbuzi kwa sababu mama yake hana maziwa, na imeandikwa kwamba katika mji wake watu walikula kuku kwa maziwa. Marabi wengine hawakukubaliana naye, na hadi leo Myahudi anayeshika sheria ya chakula hali kuku wa krimu. Litein haijawahi kuitisha baraza la kuamua jambo hili, na haitahitaji, maana meza zenyewe zimeshatoa hukumu. Ingia hoteli yoyote ya kawaida kati ya Kapsabet na Bomet, agiza nyama choma na ugali, na bilauri ya mursik, maziwa yaliyochachushwa kibuyuni, itakuja bila mhudumu kushangaa. Nyama na maziwa vikiwa vimekwisha kukutana mezani, kuvizuia visikutane chunguni ni ukaidi tu.

Tena krimu si mgeni katika jiko la Wakipsigis. Mboga chungu za kienyeji, hasa mgagani ambao huku wanauita isagek, huchemshwa, humwagwa maji, kisha huungwa kwa maziwa au kwa lile tabaka zito la juu, na wapishi wenye subira huzilaza hadi kesho yake ili uchungu upungue na ladha ikolee. Mama wa Litein anajua krimu inavyofanya kazi kwenye moto mdogo. Anajua inakatika lini. Utaalamu anao, umezoea kuishia kwenye mboga.

Chungu nacho kina safari yake. Mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipata hataza ya kutengeneza vyungu kwa kumimina chuma kilichoyeyuka ndani ya kalibu za mchanga, na kuanzia hapo chungu cha chuma kikashuka bei na kuenea duniani. Kusini mwa Afrika kikawa chungu cha miguu mitatu, rafiki wa msafara wa magari ya ng'ombe. Mwaka 1908 kundi kubwa la Makaburu likiongozwa na Jansen van Rensburg lilishuka meli Mombasa, likapanda treni hadi Nakuru, kisha likakokota magari yake ya ng'ombe matopeni hadi nyanda za Uasin Gishu. Watu wa misafara ya namna hiyo hawakutembea bila vyungu vyao. Walowezi wengi wa ukoo huo waliondoka Kenya ilipokaribia uhuru, na pishi lao la uani halikuacha alama kubwa kwa majirani zao. Sufuria ya alumini ilishinda: nyepesi, rahisi, hupata moto upesi.

Na kwa ugali au chai sufuria ina haki ya kushinda. Kwa kuku mzee hapana. Alumini hupitisha joto takriban mara nne zaidi ya chuma cha kusubu, na sufuria ni nyembamba, kwa hiyo moto ukipanda ghafla kitoweo kilicho ndani yake kinaweza kuungua papo hapo. Chuma ni kizito cha kuelewa na kizito cha kusahau. Kikishapata joto, hakitikisiki kwa upepo wa dakika mbili wala kwa kuni moja kuzimika. Kuna watu wanaodai kwamba chuma hushika joto kuliko alumini kwa asili yake. Kilo kwa kilo, ni kinyume. Siri iko kwenye uzito. Chungu cha chuma cha lita 5 kina uzito mara kadhaa wa sufuria ya ujazo huohuo, na mfuniko wake pekee unaweza kuizidi sufuria nzima.

Mfuniko huo ndio unaoondoa haja ya oveni. Mpishi wa Mombasa au Lamu hahitaji kuelezwa: wali wake ukikaribia kukauka, hupalia makaa juu ya mfuniko ili joto lishuke kutoka juu kama linavyopanda kutoka chini. Pwani hiyohiyo ina kuku wa paka, anayechomwa kwanza kisha akaingizwa kwenye tui zito la nazi, na hakuna anayemwita chakula cha kigeni ingawa majiko ya Kihindi yana mkono mkubwa ndani yake. Tui ni krimu ya mti. Bara ina krimu ya ng'ombe na makaa tele, na bado inangoja oveni.

Pishi lenyewe linataka mambo machache yazingatiwe, na mawili kati yake ni ya Litein hasa. La kwanza ni mwinuko. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Jogoo wa miaka miwili anayelainika Kisumu kwa saa moja na nusu atadai muda zaidi hapa, na kumwongezea moto hakumsaidii mtu. Maji yatapiga kelele zaidi ila hayatapata joto zaidi. Anayetaka kuku laini ajipe saa mbili na nusu, makaa yakiwa ya wastani.

La pili ni mvua. Kericho na viunga vyake hupata mvua ya alasiri kwa mazoea, na mawe yake yanajulikana na kila mwenye chai. Chungu cha chuma kilichopata moto sana kikimwagiwa maji baridi ghafla kinaweza kupasuka, ufa mmoja kutoka ukingoni hadi kitakoni, na hakuna fundi wa kukiziba kikarudi kama zamani. Kwa hiyo moto uwashwe saa tatu asubuhi, au chungu kiwekwe chini ya bati lililo wazi pande zote. Wanaoanza saa nane wakijitumaini wanacheza bahati nasibu.

Vipande vya kuku hukaushwa kwa kitambaa na kupakwa chumvi, kisha hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe hadi ngozi igeuke hudhurungi. Hapa ndipo wengi huharakisha. Kipande kikiwekwa kwenye chuma kilichopata moto vizuri hushika kitako kwanza. Ukikivuta kwa nguvu, ngozi inabaki chini. Ukikiacha dakika nne au tano, kinajiachilia chenyewe. Kuku akitolewa, vitunguu huingia na kukwangua lile ganda la hudhurungi lililobaki, maji yake yakiliyeyusha liwe rojo. Karoti hufuata, kitunguu saumu, pilipili manga, kuku anarudi, maji yanafika nusu ya kimo chake. Mfuniko. Chini hubaki makaa machache, juu hupaliwa mengine, na mpishi akae.

Viazi viingie saa moja ya mwisho, na hapo Shangi, ambayo wauza chipsi husifu kwa kuiva upesi, inafanya kazi nyingine. Kingo zake huvunjika na kumwaga wanga kwenye mchuzi. Wanga huo ndio ulinzi wa krimu. Maziwa membamba yakipigwa na moto mkali protini zake hushikamana na mchuzi ukawa na mabonge. Mafuta mengi na wanga kidogo huzuia hilo. Krimu iingie chungu kikiwa kimeshaepuliwa, kwa kuchanganywa kwanza na upawa mmoja wa mchuzi moto ili isishtuke. Mursik isitumike hapo kwa kishawishi chochote. Ni chachu, itakatika mara moja, na heshima yake ni kwenye kibuyu.

Krimu inatoka wapi bila pakiti? Maziwa ya jioni huchemshwa, kwa sababu brusela bado iko kwenye mifugo na maziwa mabichi hayafai kuchezewa, kisha huachwa kwenye sufuria pana mahali penye baridi. Usiku wa Litein unatosha kuwa friji. Asubuhi tabaka la njano hafifu limejikusanya juu na hukatwa kwa kijiko. Lita 5 za maziwa yenye mafuta asilimia 4 zina takriban gramu 200 za mafuta. Hata ukiyapata nusu yake tu, ni mengi kwa kuku mmoja. Maziwa yaliyobaki yanaingia kwenye chai ya siku hiyo, na watoto hawatalalamika. Gharama halisi ya krimu kwa mwenye ng'ombe, basi, ni lita ambazo hazikupanda pikipiki jioni moja.

Wapo watakaosema kipato cha maziwa ndicho kinacholipa karo, na bonasi ya chai, hasa upande huu wa magharibi wa Bonde la Ufa ambako wakulima wamelalamika kwa miaka kwamba hulipwa chini ya wenzao wa mashariki, haimpi mtu uhuru wa kumwaga maziwa chunguni. Hoja hiyo ina uzito siku za kazi. Lakini familia hizohizo hununua soda kreti kwa kreti mgeni akija. Anayeweza kununua soda ya wageni ishirini anaweza kuzuia lita tano za maziwa.

Kuna faida nyingine ya chuma isiyoonekana kwenye sahani. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa kaskazini mwa Ethiopia, ambapo baadhi ya kaya zilipewa vyungu vya chuma na nyingine vya alumini. Baada ya miezi 12, watoto waliolishwa kutoka vyungu vya chuma walikuwa na hemoglobini ya juu zaidi. Madini ya chuma hutoka zaidi kwenye chakula chenye asidi, kama cha nyanya, kuliko kwenye krimu, kwa hiyo asije mtu akauza pishi hili kama dawa ya upungufu wa damu. Ila chungu kikishakuwepo nyumbani, kitapika na maharagwe ya nyanya Jumatano.

Moshi nao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotokana zaidi na kupika kwa kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Jiko la nje si tiba kamili, kwani anayechochea bado anavuta moshi, lakini mtoto mgongoni na bibi aliyekaa pembeni ya ukuta wenye masizi wanapata nafuu. Kuhusu kuni, ushauri mmoja utawaudhi wengi: matawi ya michai iliyopogolewa yaachwe shambani. Ni kuni nzuri, yanawaka kwa moto mkali usio na moshi mwingi, na yanakuja bure kila baada ya miaka mitatu au minne. Lakini yakioza chini ya michai hurudisha rutuba ambayo mkulima atalazimika kuinunua kwenye gunia la mbolea. Migrevilea iliyopandwa mipakani inahitaji kupunguzwa matawi kila mwaka. Matawi hayo yanatosha chungu kinachokula makaa badala ya ndimi za moto.

Jambo ambalo pengine litaleta ubishi kuliko krimu ni nani atakaa na chungu hicho saa mbili na nusu. Uani mwa Litein moto wa nje una mwenyewe. Nyama choma ni ya wanaume: wanachinja, wanachoma, wanakata, wanaonja kuliko inavyohitajika. Chungu ni cha wanawake, ndani, kwenye moshi. Kuku wa chungu cha nje anakaa katikati ya kazi hizo mbili. Ana moto wa kusimamiwa, makaa ya kupalia, mfuniko wa kuinuliwa kwa fito, na nafasi kubwa ya kukaa na kuzungumza siasa za kaunti. Afrika Kusini, chungu cha miguu mitatu ni fahari ya wanaume, na hushindaniwa hadharani. Hakuna kitu katika mila ya Kipsigis kinachomzuia baba kukaa kwenye kigoda kando ya chungu Desemba, vijana wanapotoka jandoni na boma limejaa wageni, wakati mama anayekata karoti amechoka tangu Jumanne. Anaweza kuanza kwa kulinda moto. Vitunguu atafundishwa.

Bei ndiyo kikwazo cha kweli. Chungu cha chuma kinauzwa mara kadhaa ya sufuria ya ukubwa uleule, na hupatikana zaidi katika maduka ya miji mikubwa. Familia moja haina sababu ya kujinyima kwa chungu kitakachotumika mara mbili kwa mwezi. Lakini vyama vya akina mama katika eneo hili vimeshazoea kununua mahema, viti na sufuria za sherehe na kuvikodisha kwa wanachama na majirani. Vyungu viwili vya chuma vya lita 10 vingekaa vizuri kwenye stoo hiyo, kila kimoja na mfuniko wake na fito ya kuuinulia. Anayeazima akirudishe kimefutwa kwa maji moto, kimekaushwa juu ya makaa na kupakwa mafuta kiduchu ndani na nje, kwa sababu unyevu wa Litein huweka kutu kwa usiku mmoja. Na atakayekisugua kwa mchanga na steel wool hadi king'ae alipe faini kama ya anayechelewa mkutanoni.